EMIL FISCHER NA SIRI YA SUKARI

Utafunapo muwa au ulambapo asali, ulimi wako huhisi utamu. Utamu huo hutokana na sukari. Je, sukari zote ni za namna moja? Mtu aliyetufumbulia jambo hilo ni mkemia wa Ujerumani, Emil Fischer.

Fischer alizaliwa mwaka 1852 katika mji wa Euskirchen. Baba yake alitaka afanye biashara ya mbao, lakini kijana hakuimudu kazi hiyo. Mwaka 1871 aliingia Chuo Kikuu cha Bonn, kisha akaenda Strasbourg kusoma kemia.

Glukosi na fruktosi ni sukari mbili zilizomo katika matunda na asali. Molekuli ya kila moja ina atomi 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Hata hivyo, fruktosi ni tamu zaidi. Kwa nini? Andika neno KATA, kisha andika TAKA. Herufi ni zilezile, bali mpangilio ni mwingine, na maana hubadilika. Ndivyo zilivyo sukari hizi.

Kuchunguza mpangilio huo kulikuwa kugumu, kwa kuwa sukari zilibaki kama shira inayonata, wala hazikutengana kwa urahisi. Mwaka 1875 Fischer aligundua kemikali iitwayo fenilihidrazini. Baadaye aliona kwamba sukari ikipashwa moto pamoja nayo, hufanya fuwele za rangi ya manjano. Kwa fuwele hizo aliweza kuzilinganisha sukari mbalimbali. Mwaka 1890 alitengeneza glukosi katika maabara akianzia na gliserini, na mwaka 1891 alieleza mpangilio wa atomi zake. Mwaka 1902 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Lakini kemikali ile ilikuwa na sumu, nayo ilimdhuru afya yake kwa miaka mingi. Alifariki Berlin mwaka 1919. Nawe mwanafunzi, usionje wala usinuse kemikali usiyoijua.

Leo, mgonjwa atundikiwapo maji ya glukosi hospitalini, utajua ni sukari ipi aingiziwayo mwilini.

Maswali
1. Glukosi na fruktosi zinafanana kwa jambo gani? Zinatofautianaje?
2. Fuwele zilimsaidiaje Fischer?
3. Kwa nini ni hatari kuonja kemikali?