Paul Harris na Heshima ya Wanaojitolea

Kila mwaka vyama vya kuhudumia jamii huwatunuku wanachama wao waliojitoa kuliko wengine. Katika vilabu vya Rotary, vilivyofika Dar es Salaam mwaka 1949, heshima ijulikanayo zaidi yachukua jina la Paul Harris. Yafaa basi tumjue mtu huyo, ili tuipime na heshima yenyewe.

Alizaliwa Racine, Marekani, tarehe 19 Aprili 1868. Biashara ya baba yake ilianguka, naye akiwa na umri wa miaka mitatu akapelekwa kwa babu na bibi yake huko Wallingford, Vermont, kijiji ambacho majirani walijuana. Alipohitimu sheria mwaka 1891 hakukimbilia ofisi. Kwa miaka mitano alizunguka akiandika magazetini, akichuma matunda na kutumika katika meli za ng'ombe. Mwaka 1896 akaanza uwakili mjini Chicago. Wateja aliwapata, bali majirani hakuwapata, na upweke ukamlemea.

Ndipo tarehe 23 Februari 1905 alipoketi na wenzake watatu: mfanyabiashara wa makaa, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Wakawa wakikutana kwa zamu katika ofisi zao, na zamu hiyo ndiyo iliyokipa chama jina. Mwanzoni walifaana wao kwa wao katika biashara. Harris akaona kwamba urafiki usiovuka kizingiti haudumu. Na tangu mwaka 1907 chama kikalihimiza jiji kujenga vyoo vya umma. Kazi hiyo haikuwa na fahari, lakini kila mpita njia aliihitaji.

Hatufichi kwamba Kanisa lilikitazama chama hicho kwa mashaka. Kwa amri ya Desemba 1950 mapadre walikatazwa kujiunga nacho. Baadaye mashaka yalipungua, hata mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II akawapokea Wanarotary waliokutanika Roma.

Harris alifariki tarehe 27 Januari 1947. Alikuwa ameomba kwamba atakaye kumheshimu asinunue maua, bali auchangie Mfuko wa Rotary. Michango ikamiminika, na mwaka uleule vijana 18 wakapewa msaada wa kusoma nchi za nje. Mwaka 1957 ikafuata desturi ya kumtunuku jina la Harris kila atoaye dola 1,000, au yule ambaye kiasi hicho kimetolewa kwa heshima yake.

Hapo pana jambo la kupima. Tajiri aweza kuipata heshima hiyo kwa kufungua mfuko wake. Je, mama wa Chamazi amwogeshaye jirani mgonjwa kila asubuhi, dola hizo atazitoa wapi? Jibu limo katika desturi yenyewe: klabu yaweza kutoa fedha kwa jina la mtu mwingine, hata asiye mwanachama. Ikimtafuta mama huyo, tuzo yamfuata Harris kweli, maana hata maua ya mazishi yake aliyageuza kuwa msaada. Ikiishia kwa wenye mali tu, inakuwa stakabadhi ya malipo.

Nasi katika jumuiya zetu tunao watu wa namna hiyo. Tuwatambue na kuwasaidia mizigo yao wangali hai, tusingoje kuwasifu makaburini.