Mary Barbour, mama wa Glasgow aliyewazuia wenye nyumba kupandisha kodi

Tarehe 17 Novemba 1915, wapangaji 18 waliitwa mbele ya tribinali ya Glasgow, mji mkubwa wa Scotland. Kosa lao: walikataa kulipa nyongeza ya kodi ya nyumba. Hawakwenda peke yao. Maelfu ya wafanyakazi waliacha viwanda vya meli na vya silaha, wakajaza barabara zote zinazoelekea tribinali. Mbele yao walitembea wanawake wa mtaa wa Govan, na kati yao mama mmoja mwenye miaka 40, Mary Barbour. Siku hiyo hiyo mashitaka yalifutwa. Kabla ya mwaka kuisha, Bunge la London lilipitisha sheria ya kuzuia kodi za nyumba kupanda katika inchi nzima.

Zaidi ya miaka 100 imepita, na jina la mama huyo bado linatajwa Uingereza kila mara wapangaji maskini wanapohamishwa kwa sababu ya kodi. Na wanahamishwa kweli, ila leo si kwa njia ile ile.

Alizaliwa tarehe 20 Februari 1875 katika kijiji cha Kilbarchan, magharibi ya Glasgow, mtoto wa tatu kati ya watoto saba. Baba yake alikuwa mfumaji wa mazulia. Mary aliacha masomo akiwa na miaka 14, akaingia kiwandani kusokota nyuzi, kisha akapewa kazi ya kupiga rangi mazulia. Mwaka wa 1896 aliolewa na David Barbour, fundi wa mashine. Mtoto wao wa kwanza alikufa angali mchanga. Baadaye walipata wavulana wawili, wakahamia Govan, kwenye ukingo wa mto Clyde, mahali ambapo meli nyingi za Uingereza zilitengenezwa.

Govan ya wakati ule ilikuwa na majumba ya mawe ya orofa tatu au nne. Jamaa nzima ilikaa katika chumba kimoja au viwili, na choo kilitumiwa na milango kadhaa. Mwenye nyumba hakuonekana. Aliyeonekana ni msimamizi wake, mtu anayefanana kidogo na komisionere wa Goma au Bukavu, lakini mwenye nguvu zaidi: yeye ndiye alichagua mpangaji, alipokea feza, na alipeleka tribinali yule aliyechelewa.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza mwaka wa 1914, watu walimiminika Glasgow kutafuta kazi ya silaha na meli. Nyumba hazikuongezeka. Wenye nyumba waliona nafasi, wakapandisha kodi, mahali pengine hadi asilimia 25. Wanaume wengi walikuwa kwenye uwanja wa vita. Wake zao ndio waliobaki kupiga hesabu ya mkate, makaa na kodi kwa feza kidogo ya askari. Asiyeweza kulipa alitolewa inje na vyombo vyake.

Mama Barbour hakuwa mwanasiasa. Alikuwa amejifunza kusema mbele ya watu katika chama cha wanawake cha ushirika wa Kinning Park, ambapo akina mama walikutana kuzungumzia bei ya vyakula na afya ya watoto. Mwaka wa 1914 wanawake wa Glasgow waliunda chama cha kutetea makao, na yeye akashika kazi ya Govan. Alichofanya kilikuwa rahisi kueleza na kigumu kutekeleza: kila jengo liwe na kamati yake, kila mpangaji alipe kodi ya zamani tu, nyongeza isilipwe, na hakuna atakayehama.

Kilichofanya mgomo ushike si hotuba. Ni ngazi za majengo yale. Wanawake walikaa zamu mlangoni na kengele mkononi. Mtumishi wa tribinali alipotokea kuja kufukuza jamaa, kengele ililia, na kutoka kila jikoni mama alitoka na alichokuwa nacho: sufuria za kupigia makelele, mifuko ya unga ya kumrushia, nguo mbichi walizokuwa wakifua. Watumishi hao waliteremka ngazi wakiwa weupe kama waokaji mikate. Waliporudi na askari polisi, walikuta ngazi imejaa wanawake kutoka chini hadi juu, hakuna pa kupitisha hata kiti.

Kuna tukio moja ambalo wenzake walilisimulia baadaye katika maisha yao yote. Msimamizi mmoja alimdanganya mwanamke kwamba majirani wake wote wamekwisha kulipa nyongeza, basi naye akalipa. Mama Barbour aliposikia, alikwenda kuwatoa wafanyakazi kwenye viwanda vya meli, wakasimama na masizi usoni mbele ya ofisi ya msimamizi. Yeye akaingia ndani kudai feza zile. Msimamizi aliangalia dirishani, akazirudisha.

Kufikia Novemba 1915, wapangaji kama 20,000 walikuwa hawalipi nyongeza. Serikali iliogopa jambo moja kuliko yote: kazi ya silaha kusimama katikati ya vita. Ndiyo maana siku ya kesi, hakimu alipowaona watu walivyojaa inje, aliwasiliana kwa simu na David Lloyd George, waziri wa silaha, kule London. Sheria ilitoka Desemba ya mwaka huo. Ilirudisha kodi za nyumba ndogo kwenye kiwango cha Agosti 1914, na ikamkataza mwenye nyumba kuipita. (Mwezi huo huo, vita ile ile ilikuwa imefika mbele ya Lukuga, Kalemie ya leo: tarehe 26 Desemba Waingereza waliteka meli ya Wajerumani Kingani juu ya ziwa Tanganyika.)

Sheria ilisema itadumu wakati wa vita na miezi sita baadaye. Lakini hakuna serikali iliyothubutu kuifuta mara moja. Ilibadilishwa, ikalegezwa, ikakazwa tena, na kwa mikataba mipya udhibiti huo wa kodi ulikoma tu mwaka wa 1989.

Mama Barbour mwenyewe hakurudi jikoni. Mwaka wa 1916 alianzisha pamoja na Helen Crawfurd na Agnes Dollan kampeni ya wanawake ya kudai amani, jambo la hatari wakati vijana wa kila mtaa walikuwa vitani. Mwaka wa 1920 alichaguliwa katika baraza la mji wa Glasgow, kati ya wanawake wa kwanza kuingia humo. Alipigania maziwa ya bure kwa watoto wa shule, bafu na nyumba za kufulia nguo za watu wote, viwanja vya watoto kuchezea. Kuanzia 1924 hadi 1927 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Glasgow kushika cheo cha bailie, kinachompa mshauri wa mji uwezo wa kuhukumu kesi ndogo. Katika miaka hiyo aliongoza pia kliniki ya kwanza ya mji ya uzazi wa mpango, kazi iliyomletea maadui wengi kuliko wenye nyumba. Aliacha baraza mwaka wa 1931. Alifariki tarehe 2 Aprili 1958, akiwa na miaka 83.

Sheria ya 1915 iliweka kikomo juu ya kodi yenyewe. Kikomo cha leo Uingereza kimewekwa mahali pengine. Huko, mwenye mshahara mdogo au asiye na kazi anaweza kupata msaada wa serikali wa kulipia nyumba. Kodi zilipoachiwa soko, msaada huo ulipanda pamoja nazo, na feza nyingi za serikali zikaishia mfukoni mwa wenye nyumba. Serikali ya David Cameron iliamua kupunguza. Lakini haikugusa kodi: iligusa msaada. Mwaka wa 2011 iliwekwa mipaka kwa wanaopanga kwa watu binafsi, pauni 400 kwa juma kwa nyumba ya vyumba vinne vya kulala, hata ikiwa katikati ya London. Mwaka wa 2013 kikafuata kikomo cha jumla ya misaada: pauni 500 kwa juma kwa jamaa yenye watoto. Mwaka wa 2016 kilishushwa tena, hadi pauni 23,000 kwa mwaka ndani ya London na 20,000 inje yake. Na feza iliyokatwa kwanza ilikuwa ile ya nyumba.

Mwenye nyumba hakulazimishwa kushusha hata pauni moja. Ni mpangaji aliyelazimika kutafuta tofauti au kuhama. Mwaka wa 2012 komini ya Newham, mashariki ya London, iliandikia shirika la nyumba la Stoke-on-Trent, mji ulio mbali zaidi ya kilometa 200, kuomba lipokee jamaa za wapangaji wake. Mwaka uliofuata, akina mama vijana wa hosteli moja ya Newham waliambiwa waende Manchester, Hastings au Birmingham, mbali na mama zao na shule za watoto. Walikataa, na mwaka wa 2014 waliingia kukaa katika nyumba tupu za komini hiyo. Aprili 2015 Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba komini ya Westminster ilikosea kupeleka jamaa mbali bila kuonyesha kwamba ilitafuta kwanza mahali pa karibu. Uhamisho haukwisha, ila komini sasa zinapaswa kujieleza.

Kwa Scotland mambo yalikwenda kwa njia nyingine kidogo. Tangu Januari 2023 serikali ya huko inazipa komini feza za kuwafidia wale wanaokatwa na kikomo hicho. Oktoba 2022, bei za vitu zilipopanda, Bunge la Edinburgh lilipitisha sheria ya kuzuia kwa muda kodi za nyumba, na ulinzi huo ulidumu hadi Machi 2024. Glasgow yenyewe imepokea wageni wengi tangu mwaka wa 2000, wakiwemo Wakongomani wanaoomba ukimbizi. Hao wanapelekwa na serikali bila kuchagua mji.

Tangu tarehe 8 Machi 2018, wanaoshuka kwenye kituo cha metro cha Govan wanakuta hatua chache mbele yao sanamu ya shaba, iliyolipwa kwa michango ya watu. Mama Barbour anatembea mbele, na nyuma yake kuna msururu wa majirani.