Rebmann wa Rabai: miaka 29 ugenini

Wengi wetu tulipoondoka nyumbani tulisema tunakwenda miaka miwili, mitatu, kisha turudi tujenge. Sasa tunahesabu kumi na tano, na barua ya uhamiaji bado haijajibiwa. Kwa hiyo Jumapili hii tumeona tumkumbuke mgeni mmoja aliyekuja kwetu, kwa maana alipita njia hii hii akitokea upande wa pili.

Johannes Rebmann alizaliwa Januari 1820 katika mji wa Gerlingen, Ujerumani ya kusini, kwa wakulima wa kawaida. Alisomea umisionari Basel, akatumwa na chama cha Waanglikana cha CMS, na Juni 1846 akashuka Mombasa. Hapo alimkuta Ludwig Krapf, Mjerumani mwenzake, ambaye miaka 2 kabla alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto mchanga. Agosti wakapanda kwenda Rabai kufungua kituo. Siku hiyo wote wawili walikuwa na homa.

Jambo linalomfanya ajulikane ni Kilimanjaro. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kwenda Uchagga na wapagazi wachache na mwavuli wake, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Kiongozi wake alikiita baridi tu. Rebmann, mtoto wa nchi ya theluji, alikitambua mara moja. Akaandika Ulaya, na huko mabwana wa jiografia wakamcheka. Theluji karibu na ikweta! Mmoja wao, Cooley wa London, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alimpinga kwa miaka mingi. Ni lazima kilimuuma, kuambiwa na mtu aliyekaa mezani kwamba hukuona ulichokiona. Katika miaka ya 1861 na 1862 ndipo msafara wa von der Decken ulipothibitisha maneno yake.

Lakini sisi tunaona uvumilivu wake hasa haukuwa mlimani. Katika safari ya tatu, mwaka 1849, mtawala wa Machame alimnyang'anya karibu vitu vyote, akarudi pwani mikono mitupu. Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa. Alitaka vituo vivuke bara lote. Rebmann alikuja kuona afadhali kukaa mahali pamoja na kujua watu na lugha yao. Hawakukubaliana. Krapf akarudi Ulaya mwaka 1853, Rebmann akabaki.

Akabaki kweli. Mwaka 1851 alikuwa amemwoa Emma, Mwingereza, huko Cairo. Mtoto wao alifariki akiwa mchanga. Mwaka 1857 vita vya Wamaasai viliwatoa Rabai, wakakaa Unguja karibu miaka 2, kisha wakarudi kuanza tena. Mwaka 1866 Emma naye akafariki. Hata hapo Rebmann hakufunga mizigo. Waumini walikuwa kikundi kidogo sana, na wapo waliosema amepoteza muda. Pengine nasi tungesema hivyo. Si kila anayekaa mahali pamoja ni mvumilivu. Wengine wamechoka tu, au wanaona aibu kurudi mikono mitupu, na hilo wageni tunalijua.

Kwa Rebmann tunaloweza kulishika ni kazi. Aliandika maneno ya Kiswahili, ya Kinyika, na hata ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa asikokwenda kamwe. Hii ya mwisho alifundishwa na Salimini, mtumwa aliyeuzwa mpaka Mombasa. Tunawawazia wageni hao wawili wamekaa pamoja, mmoja amekuja kwa hiari yake, mwingine ameletwa kwa nguvu, wakikusanya neno baada ya neno. Kamusi hiyo ilitoka mwaka 1877, na mwenye kuiandika hakuwahi kuiona.

Maana macho yake yalikuwa yamekwisha. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, alikubali kuondoka akiwa kipofu. Aliyemshika mkono melini mpaka Ujerumani alikuwa Isaac Nyondo, mmoja wa Wakristo wa kwanza wa huko. Rebmann alikaa Korntal, jirani na Krapf mzee, wale wale wawili waliotofautiana. Huko akafariki tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf alimfuata mwaka 1881, naye akazikwa hapo hapo Korntal.

Jina la Rebmann limo katika vitabu vya shule. La Nyondo ni wachache wanaolijua, na yeye ndiye aliyekuwa mmoja wa watu wetu wa mwanzo kufika ile nchi, si kwa kutafuta kazi wala elimu, bali kumfikisha mzee kwao.