Bessie Coleman, Aliyejifunza Kifaransa Ili Aruke

Bessie Coleman alijifunza Kifaransa kabla ya kujifunza kurusha ndege. Mambo hayakufuatana hivyo kwa bahati tu. Katika Marekani ya mwaka 1920 kila shule ya urubani aliyoijaribu ilimkataa, kwa kuwa alikuwa mweusi na kwa kuwa alikuwa mwanamke. Mlango aliouona wazi ulikuwa ng'ambo ya Atlantiki, katika nchi ambayo lugha yake hakuijua. Wengi wamesimulia maisha yake kama habari ya ndege. Katika kitivo kama chetu, yafaa tuyasome pia kama habari ya lugha.

Alizaliwa tarehe 26 Januari 1892 katika mji mdogo uitwao Atlanta, jimbo la Texas, ambao si ule mji mkubwa wa Georgia wenye jina hilohilo. Alikuwa mtoto wa kumi kati ya watoto kumi na watatu. Mama yake, Susan, alikuwa Mwamerika mweusi. Baba yake, George, alichanganya damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili wa Amerika. Bessie alipokuwa na umri wa miaka miwili familia ilihamia Waxahachie, katika jimbo hilohilo, nchi ya pamba. Mwaka 1901 baba alichoka na ubaguzi wa Texas, akaenda Oklahoma, eneo walikotengewa wenyeji wa asili. Mama hakumfuata. Alibaki na watoto, akafanya kazi katika nyumba za Wazungu, na Bessie akawa mlezi wa wadogo zake.

Shule ya watoto weusi ilikuwa na chumba kimoja tu, na Bessie alitembea zaidi ya kilomita sita kuifikia. Msimu wa pamba ulipofika, masomo yalisimama na watoto wakaenda mashambani kuvuna. Hata hivyo alikuwa hodari wa hesabu, na alipenda kusoma. Vitabu vilikuja kwa gari la maktaba lililopita mara chache kwa mwaka. Mama aliviazima, na jioni Bessie aliwasomea watu wa nyumbani.

Mwaka 1910 alichukua akiba aliyoipata kwa kufulia watu nguo, akaenda kujiandikisha katika chuo cha watu weusi kilichokuwa Langston, Oklahoma. Fedha zilitosha muhula mmoja tu. Akarudi Waxahachie, akarudia beseni na sabuni. Wanafunzi wengi wa Kongo hawahitaji kuelezwa safari hiyo ya kurudi nyumbani na mzigo wa vitabu kwa sababu ada imekwisha.

Mwaka 1915 alipanda treni kwenda Chicago, kama walivyofanya maelfu ya watu weusi waliokimbia mashamba na vitisho vya Kusini. Kaka zake walikuwa wametangulia huko. Alipata kazi ya kutengeneza kucha katika duka la kinyozi, mahali ambapo wanaume walikaa kwa zamu wakizungumza habari za dunia. Vita Kuu ilipokwisha, kaka yake John alirudi kutoka Ufaransa alikokuwa askari. Alipenda kumtania dada yake: wanawake wa Kifaransa, alidai, wanarusha ndege, jambo ambalo wanawake weusi wa Chicago hawataliweza kamwe. Utani huo ulimkaa Bessie moyoni. Tangu hapo alikuwa na neno moja tu: atakuwa rubani.

Alipokataliwa na shule za Marekani, alikwenda kwa Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, lililosomwa na watu weusi nchini kote. Abbott alimshauri ajifunze Kifaransa, kisha aende Ufaransa, ambako ndege zilikuwa zimeendelea na mwanamke mweusi angeweza kupokelewa. Bessie hakubishana na ushauri huo. Alijiandikisha katika shule ya lugha ya Berlitz mjini Chicago, huku akiendelea na kazi na kuweka akiba. Abbott alimsaidia, Jesse Binga, mwenye benki mweusi wa mji huo, naye alichangia. Tarehe 20 Novemba 1920 alipanda meli Imperator katika bandari ya New York, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane.

Alifika Le Crotoy, mji mdogo wa pwani kwenye ghuba ya mto Somme, ambako ndugu wa ukoo wa Caudron walikuwa na shule ya urubani yenye sifa. Ndege za wakati ule zilikuwa za mbao, nguo na waya, zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Mwanafunzi alikaa nyuma, mwalimu mbele, na injini ikipiga kelele kati ya maneno yao na masikio yao. Bessie alijifunza katika Nieuport iliyoongozwa kwa kijiti kinene kilichosimama mbele ya rubani na upau uliokanyagwa kwa miguu. Alifundishwa kupinda, kuzunguka kichwa chini, na kuporomoka kwa mzunguko kisha kujinyanyua.

Hebu tufikiri kidogo juu ya darasa hilo. Kila neno la mwalimu lilikuwa la Kifaransa: majina ya sehemu za injini, amri za kupaa, maonyo ya upepo. Sisi tukikosea kuelewa swali katika mtihani, tunapoteza alama, na kuna kikao cha pili. Yeye alimwona mwanafunzi mwenzake akifa katika ajali wakati wa mafunzo hayo, na siku zilizofuata alipanda tena. Tarehe 15 Juni 1921 Shirikisho la Kimataifa la Urubani lilimpa leseni. Alikuwa mwanamke wa kwanza Mwamerika mweusi kuipata, na wa kwanza pia mwenye asili ya wenyeji wa Amerika.

Hapa inatupasa kuwa waangalifu. Ufaransa iliyomfungulia Bessie mlango ndiyo ileile iliyotawala mamilioni ya Waafrika wakati huohuo, na kwa wengi wao Kifaransa kilikuwa lugha ya kodi, ya mahakama na ya kazi za shuruti. Kwetu Kongo kilikuja na Wabelgiji, kikakaa shuleni na ofisini, na mpaka leo mtoto anaweza kuanguka somo analolijua kwa sababu swali limeandikwa kwa lugha isiyosemwa nyumbani kwao. Bessie alikikuta Kifaransa kwa upande mwingine. Kwake, lugha iliyofunga milango ilikuwa Kiingereza, lugha ya mama yake. Hakukipenda Kifaransa kwa ajili ya heshima, wala hakukitumia kujitenga na wenzake waliobaki kufua na kuvuna. Alikwenda kukichukua kama mtu anavyoazima ngazi kwa jirani, akijua anataka kufika wapi.

Aliporudi New York mwezi wa Septemba 1921, waandishi wa habari walimpokea kwa furaha. Lakini leseni haikumpa mkate. Kazi ya kubeba barua au abiria haikuwapo kwa mtu kama yeye. Riziki ya rubani asiye na mwajiri ilikuwa katika maonyesho ya michezo ya angani, mbele ya umati uliolipa kiingilio ili kuona hatari kwa macho. Michezo hiyo ilihitaji mafunzo zaidi, na kwa mara nyingine hakupata mtu wa kumfundisha nchini mwake. Basi mwezi wa Februari 1922 alivuka bahari mara ya pili. Alisoma tena Ufaransa, akapita Uholanzi kuonana na Anthony Fokker, mtengenezaji wa ndege, kisha akafanya mazoezi Ujerumani.

Tarehe 3 Septemba 1922 aliruka mbele ya watu wake kwa mara ya kwanza, katika kiwanja cha Curtiss kwenye kisiwa cha Long Island. Sherehe ilikuwa ya kuwaheshimu askari weusi wa kikosi cha 369 waliopigana Ufaransa, na gazeti la Abbott ndilo lililoidhamini. Wiki chache baadaye aliruka Chicago, mji alikokuwa akitengeneza kucha. Mwezi wa Februari 1923, huko California, injini ya ndege aliyokuwa ameinunua muda mfupi tu uliopita ilizima mara baada ya kupaa. Alivunjika mguu na mbavu tatu, na ndege ikaharibika kabisa. Alikaa muda mrefu bila kuruka, akatafuta fedha kwa kutoa mihadhara.

Hakuwa malaika, na haifai kumpamba kupita kiasi. Alijipunguzia umri katika karatasi zake, na mbele ya waandishi aliijua thamani ya hadithi iliyoongezwa chumvi. Aligombana na mameneja. Alipopewa nafasi katika filamu aliikubali, lakini alipoambiwa atokee mwanzoni akiwa na nguo zilizochakaa, fimbo mkononi na furushi mgongoni, aliondoka. Baadhi ya watu wenye uzito katika magazeti ya watu weusi walikasirika, wakasema ana kichwa kigumu. Yeye aliona kwamba sura hiyo ya mweusi mshamba ilikuwa imeonyeshwa vya kutosha.

Kichwa hichohicho kigumu kilionekana mwaka 1925 aliporudi Texas kufanya maonyesho. Huko Waxahachie, mji wa utoto wake, watayarishaji walitaka lango la Wazungu na lango jingine la weusi. Alikataa kuruka mpaka wote wapite lango moja. Walikubali, ingawa ndani watu walikaa kwa kutengana kama desturi ya Kusini ilivyotaka. Ulikuwa ushindi wa nusu, na aliuchukua.

Michezo ya angani haikuwa shabaha yake. Tangu aliporudi kutoka Ulaya alisema waziwazi kwamba anataka kufungua shule ya urubani kwa watu weusi, wanawake na wanaume, ili atakayemfuata asilazimike kuvuka bahari na kubadili lugha ndipo afundishwe. Kwa ajili hiyo alizunguka makanisa, shule na kumbi za sinema akihutubia na kuonyesha picha za safari zake. Huko Orlando, Florida, alifungua hata duka la urembo ili aongeze akiba. Hatimaye alipata fedha za kumalizia malipo ya ndege ya zamani ya jeshi, aina ya Curtiss JN-4, iliyokuwa Dallas.

Fundi wake, kijana Mzungu aitwaye William Wills, aliirusha ndege hiyo kutoka Dallas mpaka Jacksonville, Florida, na njiani alilazimika kutua mara tatu kwa sababu ya hitilafu. Asubuhi ya tarehe 30 Aprili 1926 walipanda pamoja kukagua uwanja. Wills alishika usukani. Bessie alikuwa amepanga kuruka kwa mwavuli katika maonyesho ya kesho yake, kwa hiyo hakufunga mkanda, ili aweze kuchungulia chini na kuchagua mahali pa kutua. Baada ya dakika kama kumi ndege iliinamisha pua, ikaporomoka ikizunguka na kupinduka. Bessie alitupwa nje akafa pale alipoangukia. Wills alianguka pamoja na ndege, naye akafa. Katika mabaki ilionekana spana iliyokuwa imejipenyeza kwenye mitambo ya kuongozea na kuikwamisha. Bessie alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne.

Aliombolezwa Jacksonville, kisha Orlando, na mwili ukapelekwa Chicago kwa treni. Huko maelfu ya watu walijitokeza, na Ida B. Wells, mwanamke aliyepigana kwa kalamu dhidi ya mauaji ya watu weusi, aliongoza ibada.

Shule yake mwenyewe haikufunguliwa. Lakini mwaka 1929, huko Los Angeles, William Powell alianzisha chama cha urubani kwa watu weusi, akakipa jina la Bessie Coleman, na vijana wakaanza kufundishwa kuruka katika mji wao wenyewe, kwa lugha waliyozaliwa nayo. Tangu mwaka 1931 marubani weusi wa Chicago walizoea kupita kila mwaka juu ya kaburi lake na kudondosha maua. Na mwaka 1992, Mae Jemison, mwanamke wa kwanza Mwamerika mweusi kwenda anga za juu, alibeba picha yake katika chombo Endeavour.

Kwa hiyo lugha ngeni ilimfikisha Bessie mahali fulani, na kazi aliyojipangia baada ya hapo ilikuwa kuhakikisha wenzake hawatahitaji kupitia njia hiyo. Hakuna ubishi kwamba safari yake ya kwanza ilikuwa ya ujasiri. Aliyoikusudia mwishoni, ya kurudisha maarifa nyumbani na kuyagawa kwa maneno ya nyumbani, ilikuwa ngumu zaidi, na ndiyo iliyomshinda kwa kukosa muda. Sisi tunaotafsiri, tunaotunga kamusi, tunaojiandaa kwenda kufundisha Goma, Bukavu, Lubumbashi au Kisangani, tumekwisha kuvuka bahari yetu ya Kifaransa. Kilichobaki ni ile shule.