Robert Julius Trumpler

Robert Julius Trumpler (Zürich, Uswisi, 2 Oktoba 1886 – California, Marekani, 10 Septemba 1956) alikuwa mwanaastronomia Mmarekani mzaliwa wa Uswisi. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu mafungunyota wazi, yaani makundi ya nyota makumi au mamia zilizozaliwa pamoja na ambazo bado zinasafiri pamoja angani. Kwa kupima umbali na ukubwa wa makundi hayo alithibitisha mwaka 1930 kwamba nafasi kati ya nyota si tupu, bali ina vumbi linalofifisha nuru.

Maisha

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Zürich, kisha Göttingen, Ujerumani, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1910. Alirudi kwao akafanya kazi ya upimaji wa nchi. Mwaka 1915, wakati Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, alikwenda Marekani kwenye paoneaanga pa Allegheny, Pittsburgh, na mwaka 1919 akahamia paoneaanga pa Lick juu ya mlima Hamilton, California. Alipata uraia wa Marekani mwaka 1921. Tangu 1938 alikuwa profesa huko Berkeley hadi kustaafu 1951.

Mwaka 1922 alishiriki safari ya W. W. Campbell kwenda Wallal, Australia ya Magharibi, kupiga picha za kupatwa kwa Jua tarehe 21 Septemba. Kabla ya hapo alipiga picha za nyota zilezile usiku kutoka kisiwa cha Tahiti, ili picha hizo mbili zilinganishwe. Vipimo vilionyesha kwamba nuru ya nyota hupinda ikipita karibu na Jua, kwa kiasi kilichotabiriwa na Albert Einstein. Miaka miwili baadaye alichora ramani ya Mirihi.

Kupima mafungunyota

Alianza na Kilimia alipokuwa Allegheny. Fungunyota hili la kundinyota la Ng'ombe linajulikana kwa wakulima wetu tangu zamani. Mtu aliye Kasulu au Kibondo huliona mwezi Novemba likichomoza kaskazini-mashariki mara baada ya giza kuingia, mawingu ya mvua yakiruhusu.

Trumpler alipanga mafungunyota kwa mambo matatu: jinsi nyota zilivyosongamana katikati (I hadi IV), tofauti ya mwangaza kati yake (1 hadi 3), na wingi wake (p, m, r). Mpangilio huo unatumika hadi leo. Aliona pia kwamba baadhi ya mafungunyota yana nyota za buluu zenye joto kali na mengine hayana. Baadaye ilieleweka kwamba tofauti hiyo hutokana na umri, kwa maana nyota za buluu huisha mapema.

Umbali aliutafuta kwa njia mbili. Kwanza, aina ya nyota, ikitambuliwa kwa spektra, huonyesha mwangaza wake halisi. Ukilinganishwa na mwangaza unaoonekana, umbali hupatikana. Pili, mafungunyota ya aina moja yakichukuliwa kuwa na upana sawa, linaloonekana dogo ndilo lililo mbali. Njia hizi zilipaswa kukubaliana, lakini hazikukubaliana. Kwa njia ya kwanza mafungunyota ya mbali yalitokea kuwa mapana kuliko ya karibu, kana kwamba yanakua kadiri yanavyotuacha! Trumpler alikataa jambo hilo. Alieleza kwamba nuru hupungua njiani, hivyo nyota huonekana hafifu na kudhaniwa kuwa mbali zaidi kuliko ilivyo. Wenyeji wa vilima vya Kigoma wanalijua jambo la namna hii kwa macho: wakati wa kiangazi, moshi wa mioto ya nyika huufanya mlima uonekane mbali kuliko ulivyo.

Kwa vipimo vya mafungunyota 100 alikadiria upungufu wa mag 0.67 kwa kila miakanuru 3,260 hivi, yaani karibu nusu ya nuru hupotea. Nyota za mbali huonekana pia kuwa nyekundu zaidi, kwa kuwa vumbi huzuia nuru ya buluu kwanza. Matokeo haya yalilazimu kupima upya Njia Nyeupe, ambayo Harlow Shapley alikuwa ameikadiria kuwa na upana wa miakanuru 300,000 bila kuhesabu vumbi.

Heshima

Kasoko moja ya Mwezi na nyingine ya Mirihi zina jina lake, vilevile tuzo ya tasnifu ya uzamivu nchini Marekani. Orodha yake ina mafungunyota 37. Trumpler 16, lenye nyota Eta Carinae, limo katika kundinyota la Mkuku, na huonekana upande wa kusini jioni za Mei.