Hirschsprung: Tabibu aliyewaokoa watoto kwa maji badala ya kisu

MADAKTARI kote ulimwenguni hulitaja jina la Harald Hirschsprung wanapozungumzia maradhi ya mtoto anayezaliwa na utumbo mpana usioweza kusukuma kinyesi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba tabibu huyo wa Denmark alipambana kwa takriban miaka 30 na maradhi mengine ya matumbo, ambayo enzi hizo yaliwaua watoto wachanga kwa muda wa siku chache.

Maradhi hayo hutokea pale sehemu moja ya utumbo inapojiingiza ndani ya sehemu inayoifuata, mithili ya mkono wa shati uliokunjikia ndani. Aghalabu huanzia mahali utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana. Njia ya chakula huziba, damu ikashindwa kupita, na utumbo ulionaswa ukaanza kufa. Wanaoathirika zaidi ni watoto wa kati ya miezi 3 na miaka 3.

Hirschsprung alizaliwa jijini Copenhagen mnamo Desemba 14, 1830. Babake, aliyetoka Ujerumani, alikuwa na kiwanda cha tumbaku jijini humo, lakini kijana huyo hakuvutiwa na biashara. Alichagua udaktari na kuhitimu mwaka wa 1855. Miaka sita baadaye alitunukiwa shahada ya udaktari wa juu kwa utafiti wake kuhusu watoto wanaozaliwa na umio au utumbo mwembamba ulioziba.

Mnamo 1870 aliajiriwa katika hospitali ndogo ya watoto jijini humo. Mwaka wa 1879 akawa mganga mkuu wa Hospitali ya Watoto ya Malkia Louise. Inasimuliwa kwamba malkia alitaka maandiko ya Biblia yatundikwe juu ya vitanda, ilhali daktari alipendelea picha za wanyama ili wagonjwa wake wadogo wachangamke.

Wakati huo upasuaji wa tumbo la mtoto mchanga ulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Ni kweli kwamba mnamo 1871 mpasuaji Jonathan Hutchinson wa London alifaulu kulipasua tumbo la msichana wa miaka miwili na kuuchomoa utumbo ulionaswa. Hata hivyo, ufanisi wa aina hiyo ulikuwa wa nadra. Wengi wa waliopasuliwa hawakupona.

Hirschsprung alifuata njia tofauti. Alitambua kwamba ikiwa utumbo umesukumwa mbele na kunaswa, basi nguvu inayotoka upande wa pili inaweza kuurudisha nyuma. Kwa hivyo aliingiza maji taratibu kupitia njia ya haja kubwa, shinikizo la maji hayo likausukuma utumbo hadi ukarejea mahali pake.

Wapo waliowahi kulijaribu wazo hilo kabla yake. Alichowapiku kwacho ni subira ya kuandika. Mnamo 1876 alichapisha taarifa ya kwanza kuhusu kundi la watoto aliowatibu kwa njia hiyo, kisha akaendelea kuweka kumbukumbu za waliopona na za waliofariki pia. Kufikia 1905 alikuwa ameripoti wagonjwa 107, na waliofariki walikuwa takriban asilimia 35. Leo idadi hiyo ingetisha, lakini wakati huo ilikuwa afueni kubwa.

Tatizo moja lilibaki: daktari hakuweza kuona kilichokuwa kikitendeka ndani ya tumbo. Alitegemea vidole vyake kupapasa uvimbe na kuhisi ukitoweka. Picha za eksirei ndizo zilizolitatua. Mnamo 1913, William Ladd wa Boston alitumia dawa inayoonekana kwenye picha hizo kuutambua ugonjwa huo. Mnamo 1948, Mark Ravitch wa Baltimore na mwenzake waliipa nguvu mpya tiba ya shinikizo, wakitumia bariamu chini ya eksirei. Nao madaktari wa Shanghai, Uchina, waliripoti mnamo 1986 kwamba walikuwa wamewatibu zaidi ya watoto 6,000 kwa kutumia hewa, wengi wao wakipona bila kupasuliwa.

Siku hizi altrasaundi huonyesha utumbo ulionaswa kama duara ndani ya duara. Mtoto huongezewa maji mwilini kwanza, kisha hewa au maji huingizwa huku daktari akitazama, na mpasuaji akiwa karibu. Iwapo utumbo umetoboka, au tumbo zima limeshika maambukizi, tiba hii haifai hata kidogo. Hapo kisu hakiepukiki. Aidha, mtoto aliyepona huangaliwa kwa muda, kwani utumbo unaweza kujiingiza tena.

Mafanikio yote hayo yanategemea wakati. Mtoto hulia ghafla kwa uchungu na kukunja magoti kuelekea tumboni, kisha hutulia kana kwamba amepona, na baada ya dakika chache huanza tena. Huenda akatapika na kulegea. Kinyesi chenye damu na ute mwekundu mara nyingi huja baadaye, na mzazi hapaswi kukingoja ndipo aende hospitalini.

Katika mataifa mengi ya Afrika, Kenya ikiwemo, watoto wengi wenye maradhi haya bado huishia katika chumba cha upasuaji kwa sababu hufikishwa wakiwa wamechelewa, au kwa kukosekana kwa vifaa na wataalamu. Kila saa inayopita huupunguzia utumbo nafasi ya kurejea wenyewe.

Hirschsprung alistaafu mnamo 1904 afya yake ilipozorota, na akafariki Aprili 11, 1916, akiwa na umri wa miaka 85. Jina lake lilibaki kwenye ugonjwa mwingine, lakini njia yake ya maji ingali inatumika wodini hadi leo.