Christiaan Barnard: mikono yenye maumivu iliyopandikiza moyo

Christiaan Barnard alizaliwa tarehe 8 Novemba 1922 Beaufort West, Afrika ya Kusini. Dunia nzima ilimjua tarehe 3 Desemba 1967. Siku ile, katika hospitali Groote Schuur ya Cape Town, yeye na wenzake walipandikiza moyo wa msichana aliyegongwa na gari ndani ya kifua cha Louis Washkansky. Ilikuwa mara ya kwanza duniani moyo wa mtu kupandikizwa kwa mwingine.

Lakini muganga mwenyewe alikuwa mgonjwa. Tangu 1956 alijua ana baridi yabisi, ile rumatisme inayovimbisha na kuharibu viungo.

Moyo mpya ulipiga vizuri, ila Washkansky alifariki kisha siku 18, juu ya nimonia. Dawa za kuzuia mwili usikatae ule moyo zilipunguza kinga yake. Moja yao, prednisone, wagonjwa wa baridi yabisi pia hupewa. Tena, baridi yabisi yenyewe inaweza kuleta maji pembeni ya mapafu ao kuyaachia makovu.

Mwaka 1983 vidole vilimlazimisha Barnard kuacha kupasua. Alifariki kwa pumu tarehe 2 Septemba 2001 Paphos, kisiwani Cyprus, akiwa na miaka 78.

Basi mkaaji wa Makiso ao Mangobo mwenye ugonjwa huu, akikohoa siku nyingi ao akikosa pumzi, asiseme ni baridi tu. Aende hospitali, na dawa anazokunywa azionyeshe. Asiziache mwenyewe.